Hedifoni za mgongo wazi: zima feni kwanza
Jamani, mwenye hedifoni za planari (za utando bapa na sumaku) za mgongo wazi, yaani zisizozibwa nyuma, asizipime feni ikizunguka. Kelele za nje zinaingia moja kwa moja, na muziki wako unamfikia aliye pembeni. Mimi hungoja usiku, Mji Mkongwe ukishatulia, nazima feni, naweka taarab asilia. Ganuni inasikika uzi kwa uzi, hata ule mguso kabla sauti haijatoka. Utando wa hedifoni hizi ni mwembamba mno, unacheza mbele ya sumaku.

Nyingi kati ya planari za waya zinataka nguvu. Simu peke yake huziacha zimepooza, tafuta amplifaya ndogo. Za Bluetooth zina yake ndani, ila sauti hubanwa: LDAC, njia ya Sony ya kubana sauti ya Bluetooth, mwisho wake kilobiti 990 kwa sekunde, CD ni 1,411.