Somo: Kuondoa shombo, mkojo wa paka na ukungu kwenye nyumba yenye tangi la samaki

Pampu ya hewa iliyo nyuma ya tangi haitengenezi hewa. Inavuta ileile ya sebuleni na kuisukuma majini usiku na mchana. Ukipuliza marashi ya kopo kwenye kochi, muda si mrefu sehemu yake imo majini, na samaki hana pa kukimbilia. Kuna watu makini kabisa kwa chakula, joto na kubadilisha maji, halafu samaki wao wanakufa kwa sababu ya kopo la marashi.

Nitagusa harufu tatu zinazosumbua nyumba nyingi za pwani. Kanuni ni moja kwa zote: toa kinachonuka, usikifunike kwa kinachonukia.

Hatua ya 1: Nusa tangi lenyewe

Fungua kifuniko uinuse. Tangi lenye afya hunukia kama udongo uliolowa mvua. Likinuka kitu kilichooza, tafuta samaki au konokono aliyekufia nyuma ya mawe, au chakula kilichozidi. Harufu ya yai viza hutoka kwenye mchanga mzito usiopitisha oksijeni. Usiuvuruge wote kwa mkupuo. Unyonye kwa mpira, sehemu ndogo kila unapobadilisha maji.

Filta iliyozimika saa nyingi kwa sababu umeme umekatika nayo huvunda, maana bakteria wanaosafisha maji hufa wakikosa oksijeni. Umeme ukirudi usiiache tu iwake. Itoe, isuuze kwa maji uliyoyachota tangini, ndipo uirudishe. Ukiisuuza bombani, klorini itawamaliza bakteria waliobaki.

Hatua ya 2: Kinga tangi kabla hujashika kitambaa

Njia ninayoipenda ni kuihamisha pampu badala ya kuizima. Nunua mpira mrefu, iweke pampu dirishani au chumba kingine chenye hewa safi. Ikae juu kuliko usawa wa maji, la sivyo umeme ukikatika maji yatarudi kwenye mpira na kuingia ndani ya pampu.

Ukilazimika kuizima, iwe kwa kazi fupi. Maji ya nyuzi 30 hubeba oksijeni kama miligramu 7.5 tu kwa lita, wakati maji ya nyuzi 20 hubeba kama 9. Kwa joto letu, akiba ni ndogo. Filta iliyozama majini iache ifanye kazi. Funika tangi kwa nailoni, juu yake taulo lenye unyevu, na usiliache hivyo kutwa nzima.

Hatua ya 3: Toa chanzo

*Shombo.* Nguru, kibua na samaki wengine wa baharini wana kemikali mwilini ambayo bakteria huigeuza kuwa trimethilamini samaki akishakufa. Hiyo ndiyo harufu yenyewe. Kwa kuwa ni ya jamii ya alkali, asidi huikamata, na ndiyo maana tukishapara samaki tunasugua mikono kwa ndimu. Futa sinki, meza na jiko kwa siki na maji nusu kwa nusu. Ubao wa kukatia usugue kwa ndimu na chumvi. Matumbo na magamba yatoke nje siku hiyohiyo. Harufu ya kukaanga ni vitone vya mafuta vilivyotua kwenye mapazia. Hapo dawa ni kuyafua tu.

*Mkojo wa paka.* Hapa ndipo watu huharibu zaidi, kwa sababu mkono wa kwanza huenda kwenye Jik. Usifanye hivyo. Klorini ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi ya kloramini, nayo ni sumu kwa mapafu yako na kwa samaki. Kadhalika usichanganye Jik na siki. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini yenyewe.

Kama mkojo bado mbichi, kandamiza kwa kitambaa kikavu mpaka kisinyonye tena. Usisugue, unausambaza. Mwagia siki na maji, kandamiza tena, acha pakauke. Kisha nyunyiza soda ya kuokea, ilale hapo usiku kucha, asubuhi uifagie taratibu. Mazulia na mito ya kochi ipeleke uani ukafanyie kazi huko.

Doa la zamani lina fuwele za asidi ya yuriki ambazo haziyeyuki kirahisi majini. Unaosha, harufu inapotea, masika yanaingia na inarudi upya kwa sababu ya unyevu. Doa hilo linataka dawa ya vimeng'enya, yaani yenye viini vinavyomeng'enya uchafu wenyewe, ile inayouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo na vitu vya wanyama wa kufugwa. Ipake kwa kitambaa, usiipulize hewani.

Tahadhari ya soda: usiipeperushe karibu na tangi. Chembe chache haziui, ila kijiko kizima kwenye tangi dogo hupandisha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji, na pH ikipanda amonia iliyomo majini hugeuka kuwa kali zaidi. Kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Ikiwa 8 ni kama asilimia 5, na ikiwa 9 ni zaidi ya theluthi moja.

*Ukungu.* Sogeza kabati mbali na ukuta, futa kwa siki, kausha. Tangi lisilo na kifuniko linachangia mvuke chumbani, kwa hiyo lifunike.

Hatua ya 4: Pitisha hewa

Fungua madirisha mawili yanayotazamana, feni moja ielekezwe nje. Bakuli la kaboni ya filta, ule mkaa maalumu unaowekwa kwenye filta ya tangi, hunyonya harufu vizuri. Mkaa wa kupikia hunyonya kidogo tu. Hapo inatosha.

Vitu vya kuweka mbali

Dawa za wadudu za kopo na za kuchoma. Nyingi zina sumu za jamii ya pareto, ua lilelile linalolimwa nyanda za juu Tanzania na Kenya. Muuzaji akikwambia "hii ni ya asili, ya pareto", usilegee: samaki na kamba wanaathirika kwa kiasi kidogo mno.

Mafuta ya karafuu. Yananukia vizuri, nakubali. Lakini kiini chake, yujenoli, ndicho wataalamu wa samaki hutumia kuwalaza samaki usingizi kabla ya kuwapima. Kipimo kikizidi hawaamki. Kile kifaa cha kufukiza mafuta ya manukato kisikae chumba kimoja na tangi.

Udi na ubani. Najua hapa nitagombana na watu wa Unguja na Mombasa. Sisemi uache. Fukizia chumbani, mlango umefungwa, chetezo kisifike sebuleni. Moshi hutua juu ya maji na kuacha utando wa mafuta unaozuia oksijeni kuingia.

Ongeza hapo nafthalini ya kabatini, dawa za vioo zenye amonia, na mashine za ozoni.

Hatua ya 5: Baada ya kazi

Subiri chumba kisinuke dawa yoyote, ndipo ufunue. Ukiona utando juu ya maji, laza karatasi ya jikoni juu yake kisha uinyanyue. Badilisha robo ya maji, weka kaboni mpya kwenye filta. Ndoo ya samaki isiguse sabuni kamwe, na mikono isuuzwe mpaka utelezi uishe.

Samaki wakipanda juu kutweta, wakiogelea ovyo au kamba wakianguka ubavu, badilisha nusu ya maji palepale kwa maji ya joto lilelile yaliyotolewa klorini. Ujazo wa tangi ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 1,000. Tangi la 60 kwa 30 kwa 30 ni lita 54. Dawa ya kuondoa klorini pimia hapo.

Maswali ya wanachama

Swali (Tanga): Shikamoo mwalimu. Jumamosi wanakuja kupuliza dawa ya kunguni nyumba nzima. Tangi langu ni lita 200, halihamishiki.

Jibu: Marahaba. Kwanza waulize kama sebule ina ulazima, maana kunguni hukaa zaidi tunapolala. Wakisisitiza, tangi halihami ila samaki wanahama. Wapeleke kwa jirani kwenye ndoo kubwa zenye maji ya tangi lao, pamoja na spongi ya filta na pampu, ili bakteria nao wapone. Tangi lifunikwe nailoni na kuzibwa kwa gundi ya utepe pande zote. Fuata muda wa kurudi ulioandikwa kwenye dawa, kisha uongeze siku nzima ya madirisha wazi kabla samaki hawajarudi. Kifuniko na mipira ya hewa vifutwe kwanza.

Swali (Kisumu): Mimi nina samaki mmoja aina ya beta, sina pampu wala filta. Si niko salama?

Jibu: Hapana, kaka. Beta hupanda juu kuvuta hewa kwa mdomo, kwa hiyo anapumua hewa ya chumba moja kwa moja. Uzuri ni kwamba chombo chake ni chepesi, unakibeba ukakiweka chumba kingine.

Swali (Mombasa): Nafukiza udi sebuleni kila Ijumaa na samaki wangu wazima. Unawatisha watu bure.

Jibu: Inawezekana kabisa. Tangi kubwa lenye kifuniko, pampu mbali, madirisha wazi, linavumilia. Mwenye tangi la lita 20 lililo wazi karibu na chetezo hana nafasi hiyo. Wewe pampu yako iko wapi?

Swali (Mombasa, tena): Iko barazani, kwa sababu ya kelele.

Jibu: Basi hilo ndilo jibu.

Swali (Arusha): Fundi anapaka rangi wiki ijayo. Rangi gani afadhali?

Jibu: Rangi ya maji. Ya mafuta inachanganywa na tina, na mvuke wake hukaa siku kadhaa. Ikiwa lazima iwe ya mafuta, milango na madirisha yapakwe samaki wakiwa chumba kingine, na wasirudi mpaka harufu iishe kabisa. Pua yako ikishazoea, mwite jirani anuse.

Swali (Morogoro): Naweza kufutia kioo cha tangi kwa siki?

Jibu: Kwa nje, ndiyo. Mimina kwenye kitambaa, usipulize. Tone moja likiingia halina neno.