Somo: Jaribio la nadharia tete, hatua kwa hatua

Mashine imewekwa ijaze mililita 500 katika kila chupa. Umechukua chupa 16 kwa nasibu, wastani wake ukawa 496. Je, mashine imepotoka, au ni chupa tu zilizoangukia mkononi mwako? Kazi kubwa ya kulijibu hilo hufanyika kabla ya kupima chupa hata moja.

Hatua ya 1: Andika nadharia tete mbili, yaani madai mawili yanayopingana ambayo data itayapima. Ile ya sifuri, H0, inasema wastani ni 500. Ile mbadala, H1, inasema wastani si 500. Zote mbili zinahusu chupa zote zitokazo mashineni. Ukiandika "wastani wa sampuli ni 500" umeshakosea, kwani huo wa sampuli utaujua wazi ukishapima.

Hatua ya 2: Chagua alfa na pande za jaribio. Alfa ni hatari unayokubali kuibeba ya kuikataa H0 ilhali ni kweli. Wengi hutumia 0.05. Mashine inaweza kuzidisha au kupunguza, kwa hiyo jaribio letu ni la pande mbili. Liandike hilo sasa, kabla ya data.

Hatua ya 3: Kokotoa. Tuseme mchepuko sanifu wa sampuli, yaani kadiri chupa zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani wake, ni mililita 8.

Kosa sanifu (kadiri wastani wa sampuli unavyoyumba) = 8 ÷ √16 = 2
t (tofauti ikipimwa kwa kosa sanifu) = (496 − 500) ÷ 2 = −2.0

Wengi hujikwaa hapa kwa kugawanya kwa 8. Wanapata −0.5, na tofauti inaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Hatua ya 4: Linganisha. Digrii za uhuru (hapa, idadi ya chupa kutoa moja) ni 16 − 1 = 15. Jedwali la t, pande mbili, linatoa mpaka wa 2.131. Ukiacha alama ya kutoa, 2.0 haijafika hapo, kwa hiyo hatuikatai H0. Thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama hii au zaidi kama H0 ni kweli, ni karibu 0.064.

Tulia kidogo hapa. Aliyefungua jedwali la z anakuta 1.96, naye anaikataa H0. Jedwali hilo linataka uujue mchepuko sanifu wa chupa zote, na sisi tumeukadiria kwa chupa 16 tu. Pengo hilo ndilo mwanatakwimu William Gosset aliloliziba mwaka 1908, alipochapisha kazi yake kwa jina la "Student". Mwingine, akishaiona 496, anageuza jaribio kuwa la upande mmoja. Anakuta 1.753, naye anaikataa. Huyu amejidanganya: kwa kuwa angegeukia upande wowote ambao data ingeelekea, hatari yake halisi ni 0.10, si 0.05.

Hatua ya 5: Toa jibu pamoja na ukubwa wa tofauti. Pungufu ni mililita 4. Masafa ya asilimia 95, yaani wastani wa kweli unaoweza kuendana na data hii, ni 491.7 hadi 500.3. Usiandike "mashine iko sawa". 492 nayo imo ndani ya masafa hayo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, p ikiwa 0.064, ina maana uwezekano wa H0 kuwa kweli ni asilimia 6.4?*
Hapana. Maana yake: kama H0 ni kweli, sampuli yenye tofauti kubwa kama hii au zaidi hutokea takriban mara 6 katika kila 100.

*Naweza kuongeza chupa chache chache mpaka p ishuke chini ya 0.05?*
Usifanye hivyo. Kila unapochungulia unajipa nafasi nyingine ya kukosea. Panga idadi mapema: kuigundua tofauti ya mililita 4, mchepuko ukiwa 8, kwa nguvu (uwezekano wa kuigundua tofauti iliyopo kweli) ya asilimia 80, unahitaji chupa 34 hivi.

*Nimechukua chupa zote 16 mfululizo. Kuna shida?*
Ipo, tena kubwa. Chupa zinazofuatana huelekea kufanana, kwa hiyo mchepuko unaonekana mdogo na t inavimba. Zichukue kwa nyakati za nasibu katika zamu nzima.

*Nina mashine 20, nimezipima zote na moja imetoa p ya 0.03.*
Hata kama zote 20 ziko sawa, uwezekano wa angalau moja kushuka chini ya 0.05 ni karibu asilimia 64. Gawanya alfa kwa 20, upate 0.0025. Hiyo 0.03 haitoshi; ipime upya mashine hiyo kwa sampuli mpya.