Kuchagua kilengeo na vifaa vya upinde wa kompaundi wa shabaha

Upinde wa kompaundi wa shabaha huuzwa mtupu: kiwiliwili, mikono, kemu (magurudumu ya kwenye ncha za mikono), ugwe na kebo. Vya kulengea unavifunga mwenyewe, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu watu hununua kifaa kimoja kimoja kwa sifa zake. Pipu (kile kitundu cha kuchungulia kinachofungwa ndani ya ugwe), skopu (pete ya mbele inayoshika lenzi), lenzi na nukta ya kulengea ni mfumo mmoja. Ukibadilisha kimoja, vingine vitatu lazima uvipime upya.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha urefu wa mvuto wa upinde (umbali ambao ugwe huvutwa hadi mwisho) ni wako. Upinde uliokuzidi kwa nusu inchi hukufanya uegemee nyuma, na pipu uliyoifunga kufuata mkao huo itakuwa mahali pabaya siku utakaporekebisha upinde. Hakuna kifaa kinachotibu tatizo hilo.

Kumbuka pia kanuni. Katika mashindano ya World Archery (shirikisho la dunia la mchezo wa upinde), kompaundi inaruhusiwa kuwa na lenzi ya kukuza, pima maji (kiputo cha kuonyesha kama upinde umesimama wima) na kifyatuo (kifaa cha mkononi cha kuachia ugwe), lakini kifaa chochote cha kielektroniki kwenye upinde hakiruhusiwi, na uzito wa mvuto (nguvu ya kuvuta ugwe) haupaswi kuzidi pauni 60. Kwa hiyo vilengeo vya uwindaji vyenye taa au vinavyopima umbali havikufai. Nje mnapiga mita 50, na duara la 10 (la katikati, la pointi 10) lina kipenyo cha sentimita 8. Ndani ni mita 18, na 10 ya kompaundi ni sentimita 2 tu. Vipimo vyote vifuatavyo ni vya mita 50.

Kilengeo chenyewe

Usivutiwe na rangi wala wepesi kabla hujakitikisa. Shika ncha inayobeba skopu kwa vidole viwili, isukume juu na chini, kisha kulia na kushoto. Ikicheza hata kidogo, kiache. Halafu zungusha nobu ya juu-chini kliki 20 kwenda juu na kliki 20 kurudi: kishale cha kipimo kirudi kwenye mstari uleule kabisa. Kisiporudi, uzi wa skrubu ya ndani una nafasi, na kila utakapobadilisha umbali utaanza kutafuta 10 upya.

Kwenye vilengeo vingi vya shabaha kliki moja husogeza skopu kama milimita 0.05. Skopu ikiwa sentimita 85 kutoka jichoni, hiyo ni takriban milimita 3 kwenye shabaha ya mita 50. Kinachosogea zaidi ya hapo kwa kliki moja hufanya iwe vigumu zaidi kuliweka kundi la mishale katikati. Taka pia nobu ya kulia-kushoto yenye kliki zake na kufuli yake, maana bila kufuli mtetemo wa mipigo mia chache huisogeza taratibu nawe hujui.

Mkono wa kilengeo, ile fimbo inayoitoa skopu mbele, kwa kawaida huwa na urefu wa inchi 6 hadi 9. Mrefu hulenga kwa usahihi zaidi, lakini kwa anayevuta upinde wa uzito mdogo wa mvuto una shida: mshale wake huenda polepole, kwa hiyo mita 50 humlazimu ateremshe skopu sana hadi mabawa ya mshale yaigonge. Mishale ikianza kuruka ovyo kwenye masafa marefu tu, angalia chini ya skopu kama kuna mikwaruzo. Dawa ni kuuvuta mkono ndani sentimita chache au kuchukua skopu yenye kipenyo kidogo.

Lenzi, nukta na pipu

Hapa ndipo wanaoanza hukosea zaidi, na kosa ni lilelile: lenzi yenye nguvu kupita kiasi. Lenzi hupimwa kwa dayopta. Ile ya 0.50 huuzwa kama "mara 4" na ya 0.75 kama "mara 6", lakini usiziamini namba hizo. Ukuzaji halisi unategemea umbali wa lenzi kutoka jichoni. Kwa sentimita 85, lenzi ya 0.50 hukuza karibu mara 1.7 na ya 0.75 karibu mara 2.8. Ukirefusha mkono wa kilengeo, lenzi ileile hukuza zaidi, na shabaha huanza kufifia.

Kukuza shabaha ni kukuza pia mtikisiko wako. Mwenye lenzi kali huona nukta ikikimbia kutoka 9 hadi 9, huingiwa na hofu, kisha hufyatua kwa kushtuka pale nukta inapopita katikati. Anza na 0.50. Ikiwa baada ya miezi kadhaa nukta yako inatulia kiasi kwamba huoni tena inakwenda wapi, hapo ongeza. Kuna wapigaji wazuri wasiotumia lenzi kabisa, pete tupu na nukta basi.

Nukta nayo ina hesabu. Kwa lenzi ya 0.50 katika umbali tuliotaja, duara la 10 huonekana juu ya lenzi likiwa na upana wa milimita 2.4 hivi, na manjano yote (9 na 10) milimita 4.7. Nukta ya milimita 2 basi inajaa ndani ya 10 na kuacha ukingo mwembamba. Nukta ya milimita 4 huifunika 10 yote. Wengine huipenda kwa sababu jicho huacha kuwinda katikati, na kwa anayeshtuka inafaa kweli. Anayesumbuliwa na nukta kuziba shabaha atumie pete ya kubandika, ili manjano yakae katikati ya pete.

Sasa pipu. Bila lenzi yake ya ndani, tundu dogo la milimita 1.2 hadi 1.6 husafisha picha lakini hupunguza mwanga. Tundu kubwa la milimita 2.4 au 3.2 hung'aa lakini hufifisha. Ukitumia skopu yenye lenzi, weka ndani ya pipu lenzi ndogo ya kusafisha shabaha iliyolinganishwa na nguvu ya lenzi ya skopu. Ikiwa kali mno shabaha itakuwa safi sana, ila nukta itavimba na kutawanyika. Ipo pia ya aina nyingine, ya kusafisha nukta badala ya shabaha, kwa wenye macho yasiyoona karibu. Usizichanganye hizo mbili. Jaribu zote jioni wakati mwanga unapungua, si saa sita mchana peke yake, na jaribu ukiwa umevuta upinde mpaka mwisho, kwa sababu mkononi zote huonekana nzuri.

Ukichungulia, ukingo wa skopu ukae ndani ya duara la pipu na kuacha pete nyembamba ya mwanga pande zote. Skopu ndogo ndani ya pipu pana huelea, nawe utaiweka katikati kwa kubahatisha.

Kisha ifunge pipu kwa uzi wa kufungia juu na chini yake, si katikati tu. Sababu ni hii: pipu ikiteleza milimita 1 kwenye ugwe, mshale wako unahama karibu sentimita 6 kwenye mita 50. Kundi zuri la 10 linageuka 9 bila wewe kukosea lolote. Ikipanda, mishale inapanda, ikishuka, inashuka. Weka alama ndogo ya kalamu kwenye ugwe juu ya kifungo, uitazame kila unapoanza mazoezi. Ugwe mpya hujinyoosha na kuzungusha pipu, kwa hiyo piga mishale mia moja au zaidi kwanza ndipo ufunge kwa kudumu. Kusogeza nyuzi za ugwe upinde ukiwa umekazwa bila presi ya upinde (mashine ya kulegeza ugwe) ni hatari, usifanye.

Pima maji

Kiputo kilicho chini ya skopu hakiko pale kwa mapambo. Mshale unaoenda mita 85 kwa sekunde huanguka karibu mita 1.8 kabla ya kufika mita 50. Ukiinamisha upinde kando digrii 1, sehemu ya anguko hilo hugeuka kuwa mwendo wa upande: karibu sentimita 3. Ndiyo nusu na zaidi ya safari kutoka katikati ya 10 hadi 9.

Ili kiputo kiseme kweli, funga upinde kwenye kishikizo na uusimamishe kwa timazi. Skopu ikipandishwa na kushushwa, nukta ifuate uzi wa timazi. Kiputo kikae katikati. Kisipokaa, zungusha skopu kwenye fimbo yake. Mwisho elekeza upinde juu kama digrii 30, kisha chini digrii 30, ukiuweka sambamba na timazi muda wote. Kiputo kikikimbilia upande mmoja ukielekeza juu na upande wa pili ukielekeza chini, skopu imegeuka kama mlango ulio wazi, nayo ina skrubu yake ya kurekebisha. Kwenye uwanja tambarare kosa hili halionekani. Kwenye vilima linakuharibia siku.

Vinavyobaki

Kikalio cha mshale: kwa shabaha, ulimi wa chuma cha springi ndio rahisi kuurekebisha. Unene wa milimita 0.20 kwa mishale myepesi, 0.25 kwa ya kati, 0.30 kwa mizito. Ulimi mwembamba mno hupiga mruko na mshale hudondoka mapema. Chuma hicho huchoka na kukatika bila taarifa, kwa hiyo beba wa akiba. Kikalio kinachoanguka mshale unapoondoka ni salama zaidi kwa mabawa ya mshale, ila kina kamba inayohitaji kuangaliwa.

Stabilaiza (fimbo zenye uzito za kutuliza upinde): fimbo ya mbele ya sentimita 75 na ya nyuma ya 30 hadi 38 ni mwanzo mzuri. Weka aunsi 3 mbele (aunsi moja ni gramu 28) na mara mbili hadi tatu ya hapo nyuma. Nukta ikishuka kila mara, punguza mbele au ongeza nyuma. Kiputo kikikimbilia upande mmoja, sogeza fimbo ya nyuma kuelekea upande huohuo. Amua uzito baada ya mishale 60, wakati bega limeanza kuchoka. Uzito unaopendeza kwa mishale kumi ya kwanza hukudanganya.

Kifyatuo: anza na cha kitufe cha dole gumba. Cha bawaba hufundisha vizuri zaidi lakini humfyatukia usoni asiyekijua, basi jizoeze kwanza kwa kamba iliyofungwa kwa urefu wa mvuto wako. Kagua kitanzi cha ugwe, pale kifyatuo kinaposhika, kila wiki. Kikianza kuota manyoya, badilisha.

Skrubu za kilengeo na stabilaiza zitie gundi ya skrubu ya nguvu ya kati, na spana za alenki ziwe mfukoni. Karatasi ya masafa (orodha ya alama za kilengeo kwa kila umbali) itengenezwe mwisho kabisa, kwa alama mbili zilizopigwa vizuri, mathalan mita 20 na 60, kisha uihakikishe kwenye 50. Ukibadilisha mishale, ukisogeza pipu au kurefusha mkono wa kilengeo, itupe na utengeneze nyingine.