Jinsi ya Kuonyesha Kipaji cha Mtoto Mdogo Unapomwombea Nafasi

Mimi ni mwalimu wa watoto wa awali, na kwa misimu kadhaa nimekaa upande wa pili wa meza, nikisoma maombi ya watoto wa miaka 4 hadi 7 wanaoombewa nafasi kwenye programu za wenye vipaji. Maombi mengi huangushwa na kosa moja: mzazi amejaa kila mahali. Sauti yake imo kwenye video, mkono wake umo kwenye mchoro, sifa zake zimejaa kwenye barua. Msomaji anamtafuta mtoto, hamwoni. Karibu kila hatua hapa chini ni namna ya kumsogeza mzazi pembeni.

Hatua ya 1: Isome fomu yote kwanza

Programu hazifanani. Nyingine zinataka matokeo ya kipimo tu, nyingine zinataka kazi za mtoto, nyingine zinataka vyote pamoja na barua ya mwalimu. Angalia umri wa mtoto unahesabiwa kufikia tarehe gani, video isizidi dakika ngapi, na kama kazi za zamani zinakubaliwa. Kisha chagua maeneo mawili tu ya kuonyesha. Mtoto anayeletwa kama bingwa wa hesabu, kusoma, muziki, chesi na uchoraji kwa mpigo mmoja huishia kutokumbukwa kwa lolote.

Hatua ya 2: Fungua daftari wiki sita kabla

Kama una nafasi ya kufanya hatua moja tu, fanya hii. Chukua daftari dogo, liwe karibu na mahali mtoto anapochezea. Kila anapofanya au kusema jambo la kukushtua, andika tarehe, umri wake kwa miaka na miezi, alichokuwa akifanya, maneno yake kama alivyoyatamka, na msaada uliompa. Usimsahihishe sarufi.

Linganisha maelezo haya mawili, ya wazazi wawili tofauti (nimebadilisha vitu vidogo ili watoto wasitambulike). La kwanza: "Ana akili ya ajabu na anapenda sana namba." La pili:

"Miaka 4 na miezi 8. Anacheza na vizibo 12 sakafuni. Kapanga mistari 3 ya vinne vinne, kavunja, kapanga 2 ya sita sita. Kaongeza kimoja. Kajaribu kama dakika kumi, kisha: 'Kumi na tatu vinakataa. Kimoja kinabaki peke yake kila saa.' Sikusema kitu. Alipofika 17, kabla hajapanga: 'Hivi navyo vitakataa, utaona.'"

Mzazi wa pili hakulitaja neno "akili" hata mara moja. Mtoto wake alikuwa amezigundua namba tasa bila kujua kwamba zina jina, na zaidi ya hapo, alibashiri kabla ya kugusa vizibo. Ubashiri ule ndio uliotufanya tumwite. Kuhesabu hadi 1,000 ni kumbukumbu tu, hata kasuku ana kumbukumbu.

Andika pia muda. Mwaka 1978 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Joseph Renzulli, alieleza kipaji kama mahali panapokutana mambo matatu: uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu, na kushikamana na kazi. Wazazi huandika la kwanza kwa kurasa, la pili kwa mistari, la tatu wanalisahau kabisa. Alikaa na kitu hicho dakika ngapi? Kesho yake alikirudia bila kuambiwa? Alipokwama, alilia, aliacha, au alibadilisha njia? Majibu hayo hayapatikani popote pengine isipokuwa kwenye daftari lako.

Hatua ya 3: Rekodi video, wewe ukiwa haupo

Hapa nami nilishateleza. Nilimrekodi binti yangu akijibu mafumbo, nikajisifu jinsi nilivyokaa kimya mwanzo hadi mwisho. Mwenzangu mmoja akaisimamisha video, akanionyesha kioo cha kabati nyuma ya mtoto. Nimo humo, natikisa kichwa kila anapolikaribia jibu.

Kuna farasi aliyewahi kuwa maarufu mjini Berlin mwanzoni mwa karne iliyopita, jina lake Hans. Aliulizwa hesabu akajibu kwa kugonga kwato, na hakukosea mara nyingi. Mwanasaikolojia Oskar Pfungst alimchunguza, na mwaka 1907 akachapisha alichokiona: farasi alikuwa akiwasoma watu. Muulizaji aliyejua jibu alijiinua kidogo sana pale idadi ilipotimia, bila mwenyewe kujitambua, na Hans akaacha kugonga. Alipoulizwa na mtu asiyejua jibu, alipotea. Mwenye farasi hakuwa tapeli, aliamini kabisa. Mtoto wa miaka mitano ni msomaji wa nyuso hodari kuliko farasi, kwa hiyo usijidanganye kwamba kunyamaza kunatosha.

Fanya hivi. Isimamishe simu juu ya kitu kisichotikisika, kwenye kimo cha macho ya mtoto akiwa ameketi. Dirisha liwe nyuma ya simu, la sivyo utapata kivuli kinachozungumza. Mikono na uso vyote vionekane. Washa kabla hajaanza, kisha ukae mahali asipoweza kuuona uso wako. Siku mbili za kwanza atachezea kamera, ziache zipite.

Ukilazimika kusema, una sentensi mbili tu: "Umejuaje?" na "Niambie zaidi." Ukishauliza, hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kufungua mdomo tena. Kumi ni nyingi kuliko unavyodhani, na mambo mazuri huja kwenye saba au nane. Afadhali zaidi, uliza swali ambalo hata wewe hujui jibu lake.

Toa kipande kimoja cha dakika mbili kisichokatwa katikati. Video iliyounganishwa vipandevipande hunifanya nijiulize kilichokatwa ni nini. Akikosea kisha akajirekebisha mwenyewe, usithubutu kulifuta kosa hilo. Hapo ndipo tunapoona akili ikifanya kazi.

Mtoto anayesoma mapema ana tahadhari yake. Wapo wanaotamka maandishi magumu kwa ufasaha bila kuelewa yanasema nini, na sisi tunalijua hilo. Mpe ukurasa asiouona kabla, asome, afunge kitabu, akueleze kwa maneno yake, kisha aulizwe kwa nini mhusika alitenda vile.

Hatua ya 4: Kusanya kazi za mikono

Tuma kazi yenyewe, si nakala iliyosafishwa. Nyuma yake andika kwa penseli tarehe, umri, na kama aliombwa au alijianzishia. Piga picha kwenye mwanga wa mchana, moja kwa moja kutoka juu. Barua ya mtoto aliyeandika "ngobe" akimaanisha ng'ombe ina thamani kuliko ukurasa usio na kosa, kwa sababu inaonyesha anazisikiliza sauti na kuzitafutia herufi mwenyewe. Kama una jaribio la kwanza na la tatu la kitu kilekile, ziambatanishe pamoja.

Hatua ya 5: Kipimo cha akili, kama kimetakiwa

Kisipotakiwa, achana nacho. Kikitakiwa, kifanywe na mwanasaikolojia mwenye sifa, kwa kipimo kinacholingana na umri. Kwa wadogo hutumika sana kile cha Wechsler (jina la mwanasaikolojia aliyekitunga), toleo la watoto wa awali, kuanzia miaka 2 na nusu hadi miaka 7 na miezi 7. Wastani wa alama ni 100, na 130 kwenda juu hufikiwa na takriban watoto 2 kati ya 100.

Usimfanyishe mazoezi ya maswali ya kipimo. Yanaharibu matokeo, na mpimaji mzoefu huwa anagundua. Alale vizuri, ale, na asipelekwe akiwa na mafua. Ukipata matokeo, tuma ripoti nzima: mtoto anaweza kuwa juu sana kwenye lugha na wa kawaida kwenye kasi, na namba moja ya jumla ikaficha yote mawili.

Hatua ya 6: Barua ya mwalimu

Mwombe mapema, mwezi mmoja kabla, na umwombe kisa kimoja alichokishuhudia kwa macho yake. Usimwandikie wewe akatia sahihi. Tunatambua.

Hatua ya 7: Barua yako

Mwamba ngoma huvutia kwake, na kila msomaji wa maombi anakwenda akilijua hilo. Andika ukurasa mmoja. Ukimaliza rasimu, zungushia kila neno la sifa: hodari, ajabu, kipekee, mwerevu. Chini ya kila duara lazima kuwe na tukio kutoka kwenye daftari. Pasipo na tukio, futa neno.

Sema pia asichokiweza. Watoto hawa mara nyingi hawakui sawasawa pande zote. Huyu anasoma vitabu vya watoto wa miaka tisa na bado analia kwa sababu kamba za viatu zimemshinda. Wazazi huogopa kuandika hivyo wakidhani wanamharibia. Mimi nikikuta sentensi kama hiyo huwa naanza kuyaamini yaliyotangulia, na walimu watakaompokea wanahitaji kuijua.

Hatua ya 8: Panga, kagua, tuma

Vitu vitano au sita vinatosha. Kilicho bora kitangulie, maana msomaji wa faili la arobaini siku hiyo amechoka. Kila kimoja kiwe na maelezo ya mistari miwili: umri, mazingira, msaada. Yape mafaili majina yanayoeleweka, kama "3-video-vizibo-miaka4miezi8". Fungua kila faili kwenye simu ya mtu mwingine kabla ya kutuma. Nimeshapokea video nyeusi yenye sauti tu, na mzazi hakujua.

Ondoa picha zinazoonyesha anwani ya nyumbani au watoto wa watu wengine. Na kabla ya kubonyeza, mwonyeshe mtoto unachotuma. Binti yangu alipoziona video zake aliitoa moja, akasema ile ni siri yake na mdoli. Nilitamani sana kuituma. Haikwenda.

Nakala za vyote zibaki kwako pamoja na daftari, na uendelee kuandika hata baada ya kutuma. Akikosa nafasi mwaka huu, maombi ya mwakani yataanza na vizibo 17, kisha yataonyesha amefika wapi.