Somo: Kuurudisha moyo kwa Bwana katikati ya kazi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumapili tukitoka ibadani mama mmoja alinishika mkono akaniambia, “Hapa kanisani moyo unawaka. Ikifika Jumanne mchana hata neno lililohubiriwa silikumbuki.” Nikacheka, maana alikuwa ananisema mimi bila kujua.

Mimi ni fundi cherehani. Wanaoshona wanajua: uzi wa bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, ukiisha, mashine haikwambii. Sindano inapanda na kushuka, mguu unakanyaga, kitambaa kinasogea, mlio ni uleule. Unakuja kuinua sketi unakuta matundu matupu, ubavu mzima haujashikana. Siku zangu nyingi za wokovu zimekwenda hivyo. Kwa hiyo sitawafundisha namna ya kutopotea. Nitawaonyesha ninavyorudi.

Hatua ya 1: Chagua alama moja ndani ya kazi yako

Nilianza na kengele ya simu. Nikienda kuizima nakuta meseji za kamati ya harusi, fulani kachanga, fulani kaahidi, na sala imeishia hapo. Danieli alikuwa na dirisha lililoelekea Yerusalemu, akapiga magoti hapo mara 3 kwa siku (Danieli 6:10). Dirisha lilikuwa nyumbani kwake, hakuhitaji kukumbushwa. Langu ni bobini: kila ninapoijaza uzi, naomba. Mama ntilie anaweza kuchagua kufunika sufuria ya wali. Mwalimu, kufuta ubao. Iwe moja tu. Ukichagua tano utazisahau zote.

Hatua ya 2: Omba kwa maneno machache

Petro alipoanza kuzama aliomba maneno mawili: “Bwana, niokoe” (Mathayo 14:30). Ila anayenifundisha zaidi ni Nehemia. Ni mnyweshaji, yuko kazini mbele ya mfalme Artashasta, na mfalme ameona uso wake una huzuni. Anamuuliza anataka nini. Hapo huwezi kusema, “Mfalme, nisubiri nikapige magoti.” Biblia inasema alimwomba Mungu wa mbinguni, kisha akamjibu mfalme (Nehemia 2:4-5). Sala ile ilipita katikati ya swali na jibu.

Lakini msiruke sura ya 1. Habari za Yerusalemu zilimfikia mwezi wa Kisleu, akalia, akafunga, akaomba. Mfalme alimuuliza mwezi wa Nisani. Hapo katikati ni kama miezi 4. Ile sala ya kufumba na kufumbua ilikuwa na mizizi. Nasema hivi kwa sababu wapo waliochukua somo hili kuwa ruhusa ya kuacha maombi ya alfajiri. Sikusema hivyo, jamani.

Hatua ya 3: Mstari mmoja kwa wiki, mahali macho yanapofika

Kumbukumbu la Torati 6:9 inataja miimo ya nyumba na malango. Mimi ninaandika kwa chaki ya kupimia pembeni mwa meza ya kukatia. Ikifika Jumatano vitambaa vimeshaufuta, nauandika tena. Kule kuuandika tena ndiko kunakouingiza kichwani.

Hatua ya 4: Ukigundua umepotea, rudi

Usikae kujilaumu. Kujilaumu nako ni kupotea.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Swali: Mtumishi, mimi ni bodaboda. Nikianza kuomba barabarani si nitagonga mtu?

Jibu: Kaka, ukiwa kwenye mwendo angalia barabara, kumfikisha abiria salama ni sehemu ya utumishi wako. Alama yako iwe pale unapovaa helmeti kabla ya kuwasha. Na hakuna aliyekwambia ufumbe macho.

Swali: Shikamoo mama. Nina mtoto mchanga na mwingine wa miaka 2. Sipati hata dakika ya kukaa peke yangu.

Jibu: Marahaba mwanangu. Kwa siku unanyonyesha mara ngapi? Basi una alama nyingi kuliko Danieli. Ukisinzia katikati ya sala, sinzia. Mungu anajua uliamka saa ngapi.

Swali: Na mteja akikukasirisha? Hapo imani inakaa wapi?

Jibu: Mwaka jana mtu alichukua sare za kwaya kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi, kisha akaacha kupokea simu. Siku ile sala yangu ya bobini ilikuwa, “Bwana, nina hasira.” Sikuipamba. Niliirudia bobini tatu au nne ndipo nikaweza kumpigia bila kutukana. Na deni nililidai, tusidanganyane. Kusamehe hakukunizuia kuomba hela ya vitambaa.

Swali: Umefanya hivi muda mrefu. Siku hizi hupotei tena?

Jibu: Leo asubuhi, nikiwa nalipanga somo hili kichwani, nimeshona mfuko mzima wa suruali bila uzi wa chini. Mwenye suruali alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwomba akae kidogo, nikachukua bobini.