Kupika Wali kwa Jiko la Gesi Bila Kuona

Asiyeona anayetaka kupika peke yake aanze jiko likiwa baridi: alipapase, azizoee swichi zake, kisha aitenge sufuria katikati kabla ya kuwasha, kwa kuwa kuisogeza huku moto ukiwaka ndiko kunakounguza vidole. Jamaa wanaomnyang'anya mwiko kwa huruma wanamchelewesha. Afadhali wakae karibu na kumwelekeza kwa maneno.

Kwa kikombe kimoja cha mchele, maji vikombe viwili hutosha. Sikio ndilo litakalomwongoza: maji huvuma kwanza, kisha hutokota kwa mapovu mazito, na hapo mchele uliooshwa uteremshwe polepole kwa upawa ili maji yasiruke. Mtokoto ukififia, apunguze moto na kufunika. Wakati wa kufunua, ainue kwanza upande wa mfuniko ulio mbali naye, mvuke usimpige usoni.

Akisikia harufu ya gesi, afunge mtungi, afungue madirisha, asiguse swichi ya umeme wala kuwasha kiberiti, kisha atoke nje. Akiungua, aweke sehemu hiyo chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, asipake dawa ya meno.