Taveta ni ya nani? Jinsi ya kusoma kura za mji mdogo

Nauza ndizi Taveta, Kenya. Siku za soko, Jumatano na Jumamosi, wanunuzi kutoka Mombasa huniuliza: "Nyinyi huku ni wa mrengo gani?" Swali hilo halina jibu la neno moja. Nina daftari la matokeo ya kura nililolianza baada ya uchaguzi wa 2013, na ningependa kila mji mdogo uwe na lake.

Anza na fomu, achana na maneno ya kijiweni. Kura zikishahesabiwa, matokeo hubandikwa kwenye mlango wa kituo: 34A ya urais, 35A ya mbunge, 36A ya mwakilishi wadi, 37A ya gavana. Nenda alfajiri, kabla upepo na watoto hawajazifikia, uzipige picha. Za urais za 2022 IEBC, tume ya uchaguzi, iliziweka zote kwenye tovuti yake. Za wadi, ukizikosa mlangoni, utahangaika. Hakikisha picha imeshika fomu nzima, pamoja na idadi ya waliojiandikisha, maana bila hiyo hutajua ni wangapi walibaki nyumbani.

Kisha jumlisha vyumba vya kupigia kura. Katika uchaguzi wa 2017 na 2022 chumba kimoja hakikuzidi wapigakura 700, kwa hiyo shule moja huwa na vyumba kadhaa, na watu hugawanywa kwa herufi za majina yao. Chumba cha kwanza kikitofautiana na cha tatu, usitunge hadithi. Linganisha shule na shule.

Sasa chora safu moja kwa kila karatasi ya kura, na hapa usiwe na haraka. Naomi Shaban alishinda ubunge wa Taveta kwa chama cha KANU mwaka wa 2002 na 2007, kwa TNA 2013, kwa Jubilee 2017. Katika chaguzi mbili hizo za mwisho, kaunti yetu ya Taita Taveta ilimpa Raila Odinga kura nyingi za urais. Njoo kwa magavana: John Mruttu aliingia kwa ODM 2013, Granton Samboja kwa Wiper 2017, na 2022 tukamchagua Andrew Mwadime, mgombea huru, ambaye alikuwa mbunge wa Mwatate kwa ODM vipindi viwili. Wanasiasa wakija hutusihi tupige kura mtindo wa suti, kuanzia rais hadi mwakilishi wadi chama kimoja. Huku suti hiyo haijawahi kutukaa. Kura ya rais hufuata upepo wa pwani nzima. Ya mbunge na ya wadi humfuata mtu aliyekuja matangani na kushughulikia maji.

Ndiyo maana usiandike jina la chama peke yake. Andika mtu, chama na muungano. ODM ya 2007 ilikuwa na Raila na William Ruto pamoja. Anayeilinganisha na ODM ya 2022, wawili hao wakiwa wapinzani, bila kulikumbuka hilo atapotea. Ukirudi 2007 na nyuma utakuta karatasi tatu tu, za rais, mbunge na diwani. Na uchaguzi wa Oktoba 26, 2017 uweke ukurasa wa peke yake. Raila aliususia, kwa hiyo haukuonyeshi watu wameegemea wapi.

Halafu piga hesabu ya asilimia. Tuseme mgombea alipata kura 200 kati ya 500 zilizopigwa, na miaka mitano baadaye akapata 180 kati ya 360. Kura zake zimepungua, lakini ametoka asilimia 40 hadi 50. Je, amependwa zaidi, au wapinzani wake hawakutoka siku hiyo? Mwenye bodaboda aliyebeba watu siku ile atakusaidia kulijibu hilo kuliko mchambuzi wa redioni.

Ukienda kuuliza sababu, uliza mambo, usiulize majina. Kwetu ni ardhi kwanza: kuna familia zilizozaliwa na kuzeeka kwenye mashamba makubwa bila hatimiliki. Kisha ndovu wanaokula mahindi usiku na fidia isiyofika. Uliza, "Mwaka ule ulitaka nini kirekebishwe?" Mtu atakueleza saa nzima. Ukimuuliza alimpigia nani, anafunga mdomo, na ana haki.

Hilo nalisema kwa uchungu. Mwaka wa 2013 niliwasomea jirani zangu sokoni matokeo ya chumba kimoja kidogo. Mgombea mmoja alikuwa na kura nne. Kabla ya saa sita mchana watu walikuwa wameanza kuhesabu ni akina nani wale wanne, wakamtaja mama mmoja mwenye duka kwa sababu tu ya asili ya mumewe. Kwa wiki mbili majirani walivuka barabara kununua sukari kwingine. Hakuna aliyejua alipiga vipi, wala mimi sijui mpaka leo. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinipa kiti, akaniuliza watoto wanaendeleaje, jambo hilo hakuligusa.

Tangu siku hiyo hesabu za chumba hubaki ndani ya daftari. Ninachowaonyesha watu ni jumla ya shule nzima, au ya wadi kama shule ni ndogo. Uchaguzi mwingine ni Agosti 10, 2027. Nunua daftari sasa, ujaze kwanza ya 2022 ukiwa na nafasi ya kuuliza bila mtu kukushuku umetumwa na mgombea.